Mpungate Mezani: Mwongozo Kamili wa Virutubishi vya Mabapa Yake, Kuanzia Kuchuma Hadi Kupima Sahani

Mtu akitazama jedwali la lishe la mabapa ya mpungate, yaani mashina bapa ya kijani ya mmea huu wa jamii ya kaktasi, macho humkimbilia kwenye tarakimu moja: miligramu 164 za kalsiamu katika kila gramu 100. Ni nyingi kuliko zilizomo kwenye maziwa ya ng'ombe ya uzito huohuo. Kwa sababu ya tarakimu hiyo, mmea huu umemwagiwa sifa nyingi, na baadhi ya sifa hizo hazina miguu ya kusimamia. Mabapa ya mpungate ni mboga nzuri kweli, lakini uzuri wake uko upande mwingine. Ili uupate, unahitaji kujua bapa lina umri gani, limechumwa saa ngapi, na limepikwa namna gani. Hivyo vitatu hubadilisha kilichomo kwenye sahani kuliko watu wanavyodhani.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio kama ndiyo mara yako ya kwanza. Kama umeshazoea kupika mabapa na unachotaka ni hesabu tu, anzia hatua ya pili.

Hatua ya 1: Hakikisha mmea wenyewe

Mpungate unaoliwa zaidi duniani ni Opuntia ficus-indica. Asili yake ni Mexico, ambako mabapa machanga huuzwa kama mboga ya kila siku, na eneo la Milpa Alta, kusini mwa Jiji la Mexico, linajulikana kwa mashamba yake. Kutoka huko umeenea hadi nchi za Bahari ya Kati, Afrika na Asia. Kile kinachoonekana kama jani nene ni shina lililobapaa. Majani halisi ni vile vichipukizi vidogo vyenye ncha unavyoviona juu ya bapa changa, ambavyo hupukutika bapa linapokua.

Kabla ya kula chochote, kata kipande na uangalie utomvu. Wa mpungate hauna rangi na unateleza. Ukiona utomvu mweupe kama maziwa, acha mara moja na unawe mikono: huo si mpungate, huenda ni mmea wa jamii ya Euphorbia, na utomvu wake huunguza ngozi, macho na utumbo. Mimea ya jamii hizo mbili hufanana kwa mbali, kwa hiyo kipimo hiki usikiruke hata kama una uhakika.

Jambo la pili ni mahali mmea ulipoota. Katika baadhi ya nchi mpungate huhesabiwa kuwa gugu vamizi, na hupuliziwa au kudungwa dawa ya kuua magugu. Bapa la kando ya barabara au kwenye ardhi usiyojua historia yake, liache lilipo.

Hatua ya 2: Soma jedwali kwa akili

Hizi ni tarakimu za mabapa mabichi, kwa kila gramu 100, kama zilivyo katika hifadhidata ya Idara ya Kilimo ya Marekani:

- Maji: gramu 94.12
- Protini: gramu 1.32
- Mafuta: gramu 0.09
- Wanga wote: gramu 3.33 (ndani yake nyuzinyuzi gramu 2.2 na sukari gramu 1.15)
- Majivu: gramu 1.14
- Nishati: kilokalori 16
- Potasiamu: miligramu 257
- Kalsiamu: miligramu 164
- Magnesiamu: miligramu 52
- Sodiamu: miligramu 21
- Fosforasi: miligramu 16
- Madini ya chuma: miligramu 0.59
- Manganizi: miligramu 0.46
- Vitamini C: miligramu 9.3
- Betakarotini: mikrogramu 250
- Vitamini K: mikrogramu 5.3

Jumlisha mistari mitano ya kwanza: maji, protini, mafuta, wanga na majivu. Utapata gramu 100 kamili. Ndivyo jedwali lolote la chakula linavyojengwa, na ukijua hilo unaweza kulihoji.

Anza na maji. Yakiondolewa, kinachobaki ni gramu 5.88 tu. Ndani ya hizo, majivu ni gramu 1.14, yaani karibu moja ya tano. Majivu ni jina la kimaabara la madini yanayobaki sampuli ikichomwa hadi kila kitu cha asili ya uhai kiishe. Mboga ambayo karibu asilimia 19 ya ukavu wake ni madini si ya kawaida, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mpungate inayostahili heshima.

Sasa angalia wanga. Toa nyuzinyuzi 2.2 na sukari 1.15 kutoka kwenye 3.33 uone kinachobaki: hakuna kitu. Maana yake ni kwamba mabapa hayana wanga wa kushibisha kama wa viazi au nafaka. Theluthi mbili ya kinachoitwa wanga hapa ni nyuzinyuzi ambazo utumbo mwembamba hauzisagi. Hapo ndipo kiini cha thamani ya mboga hii kilipo, na nitakirudia kwenye upishi.

Nishati nayo ina funzo lake. Ukitumia kanuni inayofahamika ya kilokalori 4 kwa kila gramu ya protini, 4 kwa wanga na 9 kwa mafuta, utapata kilokalori 19 na ushei, ilhali jedwali linasema 16. Hakuna aliyekosea. Kwa mboga za aina hii hutumika vizidishio vya chini zaidi, kwa kuwa sehemu ya protini na wanga wake haimeng'enywi. Vyovyote utakavyohesabu, bapa halitakupa nguvu za kulima wala kupanda mlima. Likichukua nafasi ya chakula kikuu kwa mtu aliyekonda au mtoto anayekua, limemdhulumu.

Kwenye vitamini, uwe mkweli kwa nafsi yako. Betakarotini mikrogramu 250 zinasikika nyingi, lakini ukizigawa kwa 12, ambacho ndicho kiwango kinachotumika kuzigeuza kuwa vitamini A, unabaki na takriban mikrogramu 21. Mtu mzima anahitaji kati ya 700 na 900 kwa siku. Vitamini C ya miligramu 9.3 ni msaada, si chanzo cha kutegemea. Vitamini B12 haimo, kama ilivyo kwa mboga zote.

Kilichobaki ambacho majedwali mengi hayakionyeshi ni flavonoidi, hasa kwasetini, kemferoli na isoramnetini. Hizi ni kemikali za mimea zenye uwezo wa kuzuia uoksidishaji maabarani. Zimo kwenye mabapa, lakini kutoka hapo hadi kusema zinatibu ugonjwa fulani ni safari ndefu ambayo sayansi haijaimaliza.

Hatua ya 3: Iondoe kalsiamu kwenye hesabu yako

Hatua hii inawauma wengi, hasa waliouziwa unga wa mpungate kwa ahadi ya mifupa imara.

Ukikata kipande chembamba cha bapa na kukiweka chini ya hadubini ya kawaida, utaona vijiwe vyenye umbo la nyota vikiwa vimetapakaa ndani ya seli. Hivyo ni fuwele za kalsiamu oksaleti, yaani kalsiamu iliyoshikamana na oksaleti, kemikali ya asili ya mimea. Mmea huzitumia kuhifadhi kalsiamu iliyozidi mahitaji yake. Fuwele hizo haziyeyuki kwenye maji, na sehemu kubwa yake hupita utumboni ikatoka kama ilivyoingia. Maabara hupima miligramu 164 kwa sababu huchoma sampuli na kuiyeyusha kwa asidi kali. Tumbo lako halina nguvu hizo.

Spinachi ndiyo mfano uliochunguzwa zaidi wa jambo hili. Mwili hufyonza takriban asilimia 5 tu ya kalsiamu yake, wakati ya maziwa hufyonzwa karibu asilimia 30. Kosa la kuitegemea mboga yenye oksaleti kwa ajili ya mifupa ni kosa lilelile, iwe ni spinachi au mpungate.

Kwa hiyo fanya hivi. Unapopanga mlo wa siku, tafuta kalsiamu yako kwenye maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, au mboga za majani zenye oksaleti kidogo kama sukuma wiki. Kile kitakachotoka kwenye mpungate kihesabu kuwa nyongeza. Tena, kula mabapa pamoja na chakula chenye kalsiamu kuna faida ya pili: kalsiamu hiyo hushikamana na oksaleti iliyo huru humohumo utumboni, ikatoka na choo badala ya kwenda kwenye figo, ambako inaweza kujenga vijiwe.

Magnesiamu na potasiamu hazina kizuizi kikubwa namna hiyo. Hizo unaweza kuzihesabu kwa imani zaidi.

Hatua ya 4: Chagua umri, kisha chagua saa

Bapa la kula kama mboga huchumwa likiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, uzito wa takriban gramu 100, mara nyingi kati ya siku 30 na 60 baada ya kuchipua. Ni la kijani kibichi chenye kung'aa, linapinda kidogo likibonyezwa kisha linarudi, na mara nyingine bado lina vile vijani vidogo juu yake. Lililofikia ugumu wa ubao na rangi ya kijivu limepita wakati wa sufuria.

Umri haubadilishi ulaini peke yake. Bapa linapokomaa, nyuzinyuzi zinazoyeyuka hupungua na zile ngumu zisizoyeyuka huongezeka. Protini hushuka kwa uwiano, kalsiamu hupanda, na oksaleti hupungua. Ndiyo maana jedwali moja haliwezi kuyasemea mabapa yote. Ukitaka ute na ulaini, chukua changa. Ukitaka kusaga unga wenye madini zaidi, yaliyokomaa yana hoja.

Saa ya kuchuma nayo ina uzito wake, na hili huwashangaza hata wapishi wazoefu. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya hewa mchana. Mpungate, kwa kuwa umezoea ukame, huvifungua usiku ili usipoteze maji, hufyonza kabonidayoksaidi, na kuiweka akiba ndani ya seli kama asidi ya maliki. Jua linapochomoza vitundu hufungwa, na asidi ile hutumika taratibu kutengenezea sukari. Bapa la alfajiri basi ni kali kwa uchachu. La alasiri ni tulivu zaidi. Wakulima wengi huchuma kuanzia saa mbili hivi baada ya jua kuchomoza, uchachu ukiwa umeanza kushuka na jua halijakausha bapa. Kama unapenda ladha ya ndimu kwenye chakula, chuma mapema. Kama tumbo lako halivumilii uchachu, subiri mchana.

Kata kwa kisu kikali hasa kwenye kiungo, pale bapa linapoungana na lenzake. Likichanika, uozo huanzia hapo.

Hatua ya 5: Ondoa miiba, na hasa ile usiyoiona

Miiba mirefu haina hatari kubwa, maana unaiona. Tabu iko kwenye vimiba vidogo kama nywele vilivyojazana kwenye kila kidoti juu ya bapa. Vina vikulabu kwenye ncha, huchomoka kwa kuguswa tu, na vikiingia ulimini au kwenye ngozi huwasha siku kadhaa. Hata aina zinazouzwa kama "zisizo na miiba" huwa navyo.

Vaa glavu nene, shika bapa kwa koleo, na liweke juu ya ubao wa kukatia. Kata ukingo wote kuzunguka, maana huko ndiko vidoti vilikosongamana. Kisha laza kisu karibu sambamba na bapa na ukwangue kutoka juu kwenda chini, ukitoa vidoti huku ukibakisha ngozi ya kijani kadiri uwezavyo. Usilimenye lote. Kwenye ile ngozi ndiko klorofili na karotini zilikojaa, na ukiimenya unatupa sehemu ya rangi iliyokufanya ulinunue.

Suuza chini ya maji yanayotiririka, lipitishe kwenye mwanga ukiligeuzageuza, na ukwangue tena palipobaki kidoti. Wengine hupitisha bapa juu ya moto kwanza ili vimiba viungue. Ni njia nzuri, lakini bado ukwangue baadaye. Vimiba vikikuingia kidoleni, vibandue kwa gundi ya karatasi uliyoipaka ikakauka, au kwa kibanio kidogo. Usivinyonye kwa mdomo.

Katakata baada ya kuosha, si kabla. Ukikata kwanza kisha ukaosha, maji huondoka na ute pamoja na vitamini C.

Hatua ya 6: Pika ukijua unachotaka kubaki nacho

Ukikata bapa, ute hutoka, wenye kuvutika kama wa bamia. Watu wengi hufanya kila njia kuuondoa. Kabla hujaumwaga, jua ni nini: ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, minyororo mirefu ya sukari kama arabinosi, galaktosi, ramnosi na zailosi, pamoja na asidi ya galakturoniki. Ndio unaovimba ukikutana na maji, ukapunguza mwendo wa chakula tumboni na kuchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Faida nyingi zinazosemwa juu ya mpungate zimo kwenye ute huo. Ukiumwaga wote, umekula mboga ya kijani ya kawaida.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni kikaango kikavu. Weka vipande bila maji wala mafuta, tia chumvi kidogo, funika, na uache moto wa wastani. Baada ya dakika chache mabapa yatatoa maji yao wenyewe na rangi itageuka kuwa ya zeituni. Fungua mfuniko, koroga, na uache maji yale yakauke hadi ute ushikamane na vipande. Sasa ndipo utie kitunguu na mafuta kijiko kimoja. Hakuna kilichomwagwa: madini yote yamo na nyuzinyuzi zote zimo. Mafuta yale machache yanasaidia karotini kufyonzwa, kwani bila mafuta nyingi hupita bure.

Rangi ya zeituni isikutishe. Asidi ya bapa, ikipata joto, hutoa magnesiamu katikati ya klorofili, na kijani hufifia. Wako wanaotia magadi kwenye maji ili kijani kibaki, na kweli hubaki, lakini magadi huharakisha kuharibika kwa vitamini C na kuongeza sodiamu. Mimi siyatii.

Njia ya pili ni kuchemsha na kumwaga maji. Ute hupungua sana, na walaji wapya huipokea vizuri. Gharama yake inaonekana kwenye jedwali la mabapa yaliyochemshwa na kuchujwa: vitamini C hushuka kutoka miligramu 9.3 hadi 5.3, potasiamu kutoka 257 hadi 195, na magnesiamu kutoka 52 hadi 47. Kalsiamu hubaki 164 vilevile, jambo linaloendana na kile tulichokwisha kusema, kwamba imefungwa kwenye fuwele zisizoyeyuka. Kuchemsha kuna faida moja kubwa: oksaleti iliyo huru huondoka na maji. Mtu aliyewahi kuugua vijiwe vya figo na bado anataka kuonja mboga hii, achemshe kwenye maji mengi na ayamwage.

Kuchoma bapa zima juu ya makaa ni rahisi na kitamu. Lichanje mistari pande zote mbili, lipake mafuta kidogo, uligeuze hadi lilainike. Usiliache liungue hadi liwe jeusi.

Mbichi nayo inaliwa. Katakata vipande vidogo sana, tia chumvi, uache vitoe maji, kisha ndimu na nyanya. Vitamini C yote iko hapo, na ile ya ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, ambayo kwenye mimea ni mazito kufyonzwa. Kwa anayeanza, kiasi kidogo kinatosha. Ute mwingi mbichi humfanya mtu ambaye hajazoea nyuzinyuzi ajae gesi au aharishe.

Hatua ya 7: Pima sahani yako

Kikombe cha mabapa mabichi yaliyokatwa kina takriban gramu 86. Kikombe cha yaliyochemshwa na kuchujwa kina takriban gramu 149, kwa kuwa vipande vilivyolainika hujipanga kwa kubanana. Tofauti hii huwapotosha wengi wanaohesabu kwa vikombe, kwa hiyo ukiwa na mizani, pima bapa likiwa bichi, limeshakwanguliwa, na ufanye hesabu kutoka hapo. Hasa ukitumia kikaango kikavu, uzito wa baada ya kupika hauna maana, maana maji yamekwenda na virutubishi vimebaki.

Tuchukue kikombe kimoja cha yaliyochemshwa. Zidisha tarakimu za gramu 100 za mabapa yaliyochemshwa, si mabichi, kwa 1.49. Unapata kilokalori 22, nyuzinyuzi gramu 3, protini gramu 2, potasiamu miligramu 290 hivi, magnesiamu miligramu 70 na vitamini C takriban miligramu 8.

Linganisha na mahitaji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku; kikombe hicho kimetoa asilimia 12. Magnesiamu inayohitajika ni kati ya miligramu 310 na 420 kutegemea umri na jinsia, kwa hiyo umepata karibu moja ya sita hadi moja ya tano. Kwa mboga yenye kilokalori 22, huo ni mchango mkubwa, na ningependa watu wausifie kwa hilo badala ya kalsiamu.

Protini gramu 2 ni chache mno. Sahani ya mabapa inahitaji mwenza: mayai, maharage, samaki, au jibini. Mayai yanafaa kwa namna ya pekee, kwani mafuta ya kiini hubeba karotini, na protini yake inaziba pengo lililo wazi kabisa kwenye mpungate.

Hatua ya 8: Kuhusu sukari ya damu, enda kwa kipimo

Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 kutoka Mexico uliwapa wagonjwa wa kisukari aina ya pili, wakiwa hawajala, gramu 500 za mabapa yaliyochomwa ya Opuntia streptacantha, aina nyingine ya mpungate, na sukari yao ya damu ikashuka katika saa zilizofuata. Utafiti mwingine, wa mwaka 2014, ulitumia gramu 300 za mabapa yaliyopikwa kwa mvuke pamoja na kifungua kinywa chenye wanga mwingi, na sukari haikupanda sana kama ilivyopanda bila mabapa.

Hizi ni habari njema, lakini soma kiasi: gramu 300 hadi 500 kwa mkupuo mmoja. Kijiko cha unga hakifanani na hicho. Tafiti hizi pia zilikuwa na watu wachache, na zilipima saa kadhaa, si miaka ya ugonjwa. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba mboga yenye nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ikiliwa pamoja na chakula cha wanga, hupunguza kasi ya sukari kupanda, na mpungate una nyuzinyuzi hizo.

Kwa mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, hilo lina upande wa hatari: sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mweleze daktari kabla ya kuyafanya mabapa kuwa mlo wa kila siku, pima sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo, na usipunguze dawa kwa uamuzi wako. Pia ute unaweza kuchelewesha dawa kufyonzwa; acha nafasi ya saa mbili hivi kati ya dawa na sahani kubwa ya mabapa.

Wenye ugonjwa wa figo walioambiwa wapunguze potasiamu wana sababu ya ziada ya kuuliza kwanza. Kwa mtu mwenye afya, kikombe kwa siku ni chakula tu.

Hatua ya 9: Hifadhi, na ukitaka, kausha

Mabapa mazima, yasiyo na maji juu yake, yakiwa kwenye mfuko wenye matundu, hukaa kwenye friji wiki moja bila tabu. Usiyasukume kwenye kona ya baridi kali. Ngozi hupata madoa ya kahawia. Yaliyokatwa hutoa ute na kuwa meusi kingoni, kwa hiyo yaliwe ndani ya siku mbili. Yaliyochemshwa hugandishwa vizuri.

Kwa unga, kata vipande vyembamba vya mabapa yaliyokomaa kiasi, yakaushe kwa joto lisilozidi nyuzi 60 hadi yavunjike kama biskuti, kisha saga na uweke kwenye chupa isiyoingiza hewa. Vitamini C itapotea nyingi. Madini na nyuzinyuzi hubaki, tena vimekolea: kwa kuwa gramu 100 mbichi hutoa gramu 6 hivi za ukavu, kila kilichomo huongezeka takriban mara 17.

Hapo ndipo lebo za unga huanza kuvutia. Kalsiamu inaweza kusomeka miligramu 2,800 kwa gramu 100. Piga hesabu kwa kijiko, si kwa gramu 100 ambazo hakuna anayezila. Kijiko cha gramu 5 kinatokana na takriban gramu 85 za bapa bichi: kina nyuzinyuzi gramu 1.9 hivi, na kalsiamu miligramu 140 ambayo sehemu yake kubwa bado iko kwenye fuwele zilezile. Ni sawa na kikombe kimoja cha mboga mbichi, bila vitamini C yake. Uchanganye kwenye uji, supu au unga wa mkate, na kama unaukoroga kwenye maji, tumia glasi iliyojaa na uinywe papo hapo kabla haijawa nzito. Usiubwie mkavu: unga huu huvimba ukikutana na mate, na unaweza kuziba koo.